Kromisi wangu hawakai kundi na wanapungua mmoja mmoja, shida nini?

chumvi35

Wakuu habari zenu. Naomba mnisaidie hapa maana naona nabahatisha tu. Nina tangi la maji ya chumvi, lita kama 400, urefu sentimita 120, lina zaidi ya mwaka sasa, mawe yameshashika ile rangi ya zambarau, chumvi nasoma 1.025, joto 25, amonia hamna kabisa. Siku zote nilichokuwa nakitaka ni lile kundi la samaki wanaoogelea pamoja, mmoja akikata kona wote wanakata, basi nikachukua kromisi wa kijani kumi, hawa Chromis viridis ambao kila mtu anasema ni samaki wa kundi na hata anayeanza anawaweza.

Mwanzoni mambo safi, wote wamebanana upande mmoja wa tangi wanageuka kwa pamoja mpaka raha. Baadae wakaanza kuachana, kila mtu kivyake, mmoja kajimilikisha jiwe la katikati hataki mtu apite, na sasa wamebaki sita. Wengine wameyeyuka tu, hata maiti sijaziona, nadhani kaa na konokono wanamaliza kazi usiku. Samaki wa aina nyingine waliomo ni klauni wawili na gobi mmoja wa mchangani, hao hawana shida na mtu.

Sasa maswali. Niongeze kromisi ili kundi likaze? Kuna watu pia wanasema weka samaki mkubwa awatishe watashikamana wenyewe, ni kweli hiyo? Na kama kromisi siyo, samaki gani hasa wanakaa kundi kwenye tangi la nyumbani kwa miaka? Natanguliza shukrani.

mkia_njano

Ongeza tu mkuu. Wawe wengi na wawe witiri, saba au tisa au kumi na moja, wakiwa shufwa wanagawana kambi mbili wanapigana. Hiyo ndo dawa.

bi_matumbawe

Pole kaka. Ila ngoja nikuvunje moyo kidogo kwanza, ile siku uliyowaona wamebanana wanageuka kwa pamoja walikuwa wanaogopa. Walikuwa wametoka kwenye mfuko, hawajui walipo, hawajui nani anawala humo ndani, kwa hiyo kila mmoja anajitahidi mwenzake awe kati yake na hatari. Baharini ndio maana ya kundi hiyo, kolekole akipita anakuta wingu la samaki hajui amkamate yupi, na aliyeko katikati ana nafuu kuliko wa pembeni. Kwenye tangi lako wakikaa wanagundua hakuna kolekole, chakula kinashuka kutoka juu bila jasho, sasa wabanane kwa ajili ya nini? Wametulia, wanaanza kuangalia mambo yao ya ndani, na mambo ya ndani ya kromisi ni ugomvi.

Afu watu wanachanganya samaki wa aina mbili. Kuna wanaokaa jirani jirani, kila mmoja anakula zake anaangalia huku na huku lakini hawaachani mbali, na kuna wale wanaoogelea kwa mwendo mmoja muda wote, kama dagaa, hao wakigeuka wanageuka kama mwili mmoja. Hawa wa pili wanatumia macho na ule mstari wa hisia ulioko ubavuni ambao unasikia maji yakisukumwa na mwenzake. Lipo jaribio la mwaka 1976 ambapo samaki walizibwa macho kabisa na bado waliweza kuogelea na kundi, manake ubavu peke yake unatosha. Sasa kromisi ni wa lile kundi la kwanza. Kwao baharini wanaelea juu ya tumbawe la matawi, wanadonoa vidudu vinavyokuja na mkondo, hatari ikija wote wanadumbukia ndani ya matawi, ikipita wanapanda tena. Ukiangalia toka mbali unaona kundi, ukisogea ni majirani.

Kwa hiyo swali la kwanza kujiuliza ni unataka nini hasa, samaki wanaokaa pamoja au samaki wanaogeuka pamoja? Kwa lita 400 la kwanza linawezekana vizuri tu, la pili sikudanganyi, sahau.

fundi_skima

Mkia_njano hiyo ya witiri naisikia kila siku na sijawahi kuona inasaidia chochote, samaki hahesabu wenzake kujua kama ni tisa au kumi. Kinachosaidia kuwa na wengi ni kwamba kipigo kinagawanyika, bosi anakosa mtu mmoja wa kumuandama siku nzima. Lakini na hapo kwa kromisi ni kununua muda tu. Wanapangana kuanzia juu mpaka chini, wa mwisho kabisa ndo anayekufa, akishakufa huyo aliyekuwa juu yake ndo anakuwa wa mwisho, zamu yake inafika, na hivyo hivyo mpaka unabaki na wawili au mmoja mnene. Ukiongeza wapya sasa hivi kwa wale sita waliokwisha gawana mawe, wapya wote wanaanzia chini ya ngazi. Wanapigwa wakiwa bado wamechoka na safari.

Usisahau hao ni ukoo mmoja na damseli, Pomacentridae, wale wa kumng'ata mtu vidole akisafisha kioo. Upole wa kromisi ni wa kulinganisha na ndugu zake tu. Na dume likitaka kutagisha linabadilika rangi, linakuwa la njano njano na weusi kwa nyuma, linasafisha sehemu na kulinda mayai, hapo hata klauni anafukuzwa.

Sio kila kifo ni kipigo lakini. chumvi35 uliwahi kuona kidonda chekundu ubavuni kwa yeyote kabla hajapotea? Kama mchubuko wa damu hivi, afu anahema haraka haraka? Kromisi wanaongoza kwa ugonjwa wa Uronema, ni kijidudu kinachoingia kwenye nyama, na samaki aliyepigwa na kunyimwa chakula ndo kinamvaa kirahisi. Ukiwa nacho humo, kuongeza kromisi wapya ni kukilisha tu.

chumvi35

Dah fundi asante, hapo umenifungua macho. Kidonda sijaona ila kuna kitu nimekaa nakiangalia jioni hii baada ya kusoma. Yule wa jiwe la katikati hang'ati. Anamfuata mwenzake taratibu, akifika karibu anasimamisha pezi la mgongoni, anajipinda kidogo na kumuonesha ubavu, anatetemeka hivi sekunde mbili tatu, basi yule mwingine anakunja mapezi na kushuka pembeni. Haina vita kabisa, ukipita tu huwezi kujua. Halafu kuna mmoja mdogo yuko juu kabisa kwenye kona nyuma ya hita, rangi imefifia kama kijivu, mkia umechanika ncha ya chini, na chakula kikiingia anakiangalia tu kinapita, hashuki. Huyo ndo wa mwisho kwenye ngazi?

fundi_skima

Ndo huyo. Kona ya juu nyuma ya hita au karibu na bomba la kurudisha maji ndo wanapokimbilia wote waliofukuzwa, ukiona samaki wa kundi anakaa hapo jua ameshatolewa. Mtoe leo leo, usisubiri aone nafuu mwenyewe. Kama huna tangi la pembeni, kikapu cha plastiki chenye matundu ukining'inize ndani ya tangi hilo hilo, umlishe humo peke yake mpaka anone.

Au fanya kinyume, mtoe bosi. Muweke yeye kwenye kikapu wiki moja mbili, wengine wapange upya ngazi yao, ukimrudisha anakuwa mgeni. Inasaidia wakati mwingine, sio mara zote, kuna mabosi wakitoka kifungoni wanarudi kwenye jiwe lao kama vile walienda sokoni. Ukipanga na mawe upya siku ya kumrudisha unampunguzia nguvu, maana mipaka aliyoizoea haipo tena.

Na unalisha mara ngapi?

chumvi35

Mara moja, jioni nikirudi. Chembe chembe za kawaida, na uduvi wa kugandisha wikiendi.

fundi_skima

Hapo pana shida nyingine mkuu. Samaki anayekula vidudu vya mkondo anadonoa mchana kutwa, tumbo lake halijaundwa kujaa mara moja likasubiri kesho. Ukiwapa mara moja, chakula kinakuwa kitu cha kugombea na bosi ndo anashiba. Wagawie kidogo kidogo mara tatu au nne, kile kile kiasi cha siku nzima ukigawe, na kimwage kwenye mkondo wa pampu kisambae tangi zima badala ya kudondoka sehemu moja. Ukiwa kazini nunua kile kimashine cha kulisha chenyewe. Kelele za ugomvi zinapungua sana njaa ikiondoka, wapangaji wa nyumba moja wanagombana zaidi bomba likitoa maji saa moja tu kwa siku.

kaa_mawe

Mi nasema hivi, mbona mnazunguka, weka chewa mdogo mmoja humo uone kama hawajashikamana siku hiyo hiyo. Nishaona kwa macho yangu.

bi_matumbawe

Wanashikamana kweli kaka kaa_mawe, siku hiyo hiyo, sikatai. Swali ni wiki ya tatu inakuwaje. Chewa mdogo hakai mdogo, na mdomo wake ni mkubwa kuliko unavyoudhani akiwa amefunga, kromisi mzima mwenye sentimita saba nane anaingia. Hapo utakuwa umenunua chakula cha gharama. Na kama umeweka samaki mkubwa asiyekula wenzake, wanamuogopa siku chache, wakishajua hana madhara wanamzoea na unarudi pale pale, ila sasa tangi limejaa.

Kinachonikera zaidi kwenye huo ushauri ni kwamba unamweka mnyama kwenye hofu ya kudumu ili wewe uone mkao mzuri. Baharini chewa anapita, wanajificha, anaondoka, maisha yanaendelea. Kwenye kioo cha sentimita 120 haondoki. Samaki mwenye stresi kila saa kinga inashuka, madoa meupe yanaingia, unaanza kupoteza na klauni ambao hawakuwa kwenye kesi.

Wenye matangi makubwa wanaweza. Monterey Bay Aquarium kule Marekani wameweka dagaa tangi moja na jodari, na dagaa wanaenda kundi moja zuri ajabu, lakini lile tangi ni la mamilioni ya lita, dagaa wana pa kukimbilia, jodari wanalishwa na watu wa kazi, na bado dagaa wengine wanaliwa. Na dagaa wenyewe ni wale wa kundi kwa asili, hata bila jodari wangeenda pamoja.

kaa_mawe

Sawa dada nimekuelewa, sikufikiria hiyo ya kukua.

mlishaji

Nimechelewa kuingia ila kwa swali la tatu, wengi watakutajia anthia na mimi ninao, Pseudanthias squamipinnis, kwa hiyo nikwambie ukweli wao. Hao ni kundi kweli lakini ni kundi la mume mmoja na wake zake. Majike ni rangi ya chungwa, dume ni la zambarau pinki lenye uzi mrefu mbele ya pezi la mgongoni. Wote wanazaliwa majike, dume likifa au ukilitoa jike lile kubwa kuliko wote linageuka dume ndani ya wiki chache, rangi na kila kitu. Ndio maana usinunue madume mawili kwa lita zako, watamalizana. Chukua majike tu, matano au sita saizi zinazokaribiana, waingize siku moja, watajichagulia dume wenyewe.

Wanakaa pamoja katikati ya maji vizuri kuliko kromisi, manake kila mmoja ana sababu ya kubaki karibu na dume, na dume linazunguka mchana kutwa kuwakusanya, linapanda linashuka kwa ile miruko yao, hiyo peke yake inatosha kukukalisha mbele ya tangi. Ugomvi upo, jike la pili kwa ukubwa linawaonea wadogo, ila kama wanakula vizuri mara nyingi unaishia kwenye kufukuzana.

Kazi ni kulisha. Mara tatu ndo kiwango cha chini, nne tano ndo raha yao, na wengine wakifika hawajui chembe chembe kabisa, unaanza na artemia (vijiduduvi vidogo sana) na uduvi wa kugandisha ndo unawafundisha polepole. Ukilisha hivyo naitreti (taka za chakula na kinyesi zinazobaki majini) inapanda, skima, ile mashine ya kutoa uchafu kwa povu, lazima iwe na nguvu na maji unabadilisha bila uvivu. Halafu funika tangi kwa neti, wakishtuka usiku wanaruka, asubuhi unamkuta kakauka sakafuni. Kwa mtu anayerudi jioni na kulisha mara moja siwezi kukushauri anthia, nisikufiche.

chumvi35

Mlishaji asante kwa ukweli. Hiyo ya kulisha mara tano siwezi kwa kweli, hata kwa mashine, maana mashine haitoi vya kugandisha. Vipi kadinali? Nimeona wale wa Banggai wenye mistari myeusi na madoa meupe wanakaa wametulia pamoja, nikawapenda.

bi_matumbawe

Uliwaona wakiwa watoto hao. Pterapogon kauderni wadogo wanakaa kundi kweli, kwao kule visiwa vya Banggai Indonesia wanajificha katikati ya miiba mirefu ya wale wanyama weusi wa chini ya bahari wanaofanana na nungunungu, wametulia kabisa. Wakikomaa wanaanza kuoana, na wawili wakishaoana hawataki jamaa wengine humo, wanawaua mmoja mmoja ile ile hadithi ya kromisi. Banggai wachukue wawili waliokwisha kuwa jozi, basi, hapo ni samaki wazuri mno, dume linabeba mayai na watoto mdomoni wiki kadhaa bila kula. Na uulize kama wamezalishwa kwenye matangi, maana wa baharini wamevuliwa sana mpaka wako kwenye orodha ya walio hatarini.

Kadinali wa kundi ni wengine. Kwa lita zako ningeangalia Zoramia leptacantha, hao wadogo wanaonekana kama kioo, unauona mpaka uti wa mgongo, macho ya bluu na uzi mrefu mgongoni. Wanafika sentimita tano sita tu, kumi wanatosha hapo bila kubanana, na hao wakikaa wanakaa, wanaelea mbele ya jiwe wote wameangalia upande unakotoka mkondo. Hawana mbwembwe. Kama unataka mwendo watakuboa, mchana wanaelea tu na kula hasa wanapenda giza likianza kuingia, ambayo kwako ni faida maana ndo saa unarudi. Kama hao hawakuvutii weka Sphaeramia nematoptera watano, wale wenye macho mekundu na madoa nusu ya nyuma ya mwili, ni wakubwa kidogo, wanaelea hivyo hivyo, wagumu, wanakula chochote, na ugomvi wao ni wa kuonekana kwa nadra.

Kitu kimoja, hawa wa kioo wanafika wamekonda na wanachoka haraka, wakikaa bila kula wanaanza kuanguka. Hakikisha unawaona wanakula kabla hujawalipia.

mkia_njano

Mimi sijakata tamaa na witiri zangu lol. Ila dada swali, akiweka hao kioo pamoja na kromisi sita si bosi atawahamia wao?

fundi_skima

Swali zuri, na jibu ni kwamba inategemea. Kadinali hawafanani na kromisi kwa umbo wala hawagombei kitu kimoja, kromisi anataka juu kwenye mkondo, kadinali anataka kivuli mbele ya jiwe. Lakini bosi aliyekwisha kuzoea kutawala kumi anaweza kumfukuza yeyote mpya. Mi ningefanya hivi. Kwanza kromisi hao sita wapungue kwa hiari badala ya kwa kifo, tafuta mtu mwenye tangi kubwa umpe wanne, bosi akiwa wa kwanza kuondoka, ubaki na wawili. Wawili wanaishi miaka. Huyo wa kwenye hita akipona abaki, kateseka vya kutosha.

Kadinali wote wanunue siku moja, saizi moja, usinunue watano leo watano mwezi ujao. Wakae karantini, yaani tangi la pembeni la kuwatenga, wiki nne, weka vipande vya bomba la plastiki humo wapate pa kujificha, na hapo ndo uwafundishe kula chembe chembe bila kushindana na mtu. Wakikufa wawili watatu humo usishangae, bora humo kuliko kwenye tangi kubwa. Siku ya kuwahamisha fanya jioni taa zimezimwa, walishe klauni na kromisi washibe kwanza, na jiwe utakalotaka wakae mbele yake lisipigwe na pampu moja kwa moja, hawa hawana nguvu ya kupambana na mkondo siku nzima. Unataka maji yapite mbele yao polepole yalete chakula.

Na usiwajazie mawe mpaka juu. Tangi la sentimita 120 likiwa na ukuta wa mawe toka kona mpaka kona, samaki hana pa kuelea pamoja na mwenzake, kila mmoja anaishia na tundu lake. Acha uwazi mbele na katikati.

chumvi35

Sawa wakuu, nimeshamweka huyo mdogo kwenye kikapu, na ameanza kudonoa artemia muda huu, rangi bado. Kuhusu bosi kuna jamaa ana tangi refu atamchukua. Nitaenda na hao kioo. Karantini ninayo ndogo ya lita 80, inatosha kumi?

fundi_skima

Inatosha kwa saizi yao, ila filta yake iwe imeshakomaa, sponji uiloweke kwanza kwenye tangi kubwa wiki kadhaa kabla. Samaki kumi wanaolishwa mara nne kwenye lita 80 mpya amonia inapanda kabla hujalala. Pima kila siku.

kaa_mawe

Naomba kuchomekea, na wale Heniochus weupe wenye mistari myeusi na uzi mrefu juu? Mimi nina tangi la sentimita 180, hao si wanaenda kundi?

mlishaji

Heniochus diphreutes ndio, acuminatus hapana, na wauzaji wanawachanganya kila siku maana wanafanana mno. Diphreutes ana mdomo mfupi zaidi na anakula vidudu vya kwenye maji, acuminatus mdomo umechongoka zaidi na anapenda kuwa peke yake au wawili. Wanafika sentimita 18 kwa hiyo kwa tangi lako watatu au wanne, sio zaidi, wote saizi moja. Kama una matumbawe ya gharama waangalie wiki za mwanzo, wengine wanayadonoa.